KUISHI KWINGI NI KUONA MENGI

Na mwanachama wa Chama cha Kiswahili, Kidato cha Tatu

Wahenga hawakukosea waliponena kuwa kuishi kwingi ni kuona mengi. Methali hii nimeiandika kwenye insha tangu darasa la tano ili nipate alama, lakini maana yake hasa sikuijua hadi likizo ya Aprili, nilipojifungia na daftari la mama yangu na simu ya kaka yangu. Wenzangu wapendwa, tegeni masikio niwasimulie.

Mama yangu huuza maji Gatwekera, Kibera. Kioski chetu ni cha mabati, kina tangi moja juu na mfereji mmoja chini. Alikifungua Januari 2017, mwaka ambao mgao wa maji ulianza hapa Nairobi kwa kuwa bwawa la Ndakaini lilikuwa limepungua. Tangu siku ile ya kwanza, kila jioni kabla ya kufunga, mama huandika katika daftari idadi ya mitungi aliyouza. Haandiki kingine. Tarehe, halafu idadi. Akiwa mgonjwa, anayekaa kioskini huandika. Siku ambayo hatukufungua huandikwa sufuri. Hadi mwisho wa mwaka wa 2024 madaftari yalikuwa manne, na siku zilizoandikwa 2,922. Nimezihesabu mwenyewe, na miaka miwili mirefu, 2020 na 2024, nimeijumlisha humo.

Sasa niwaambie kilichotuchoma moyo.

Mwaka wa 2022 mama aliteleza kwenye tope akateguka mguu. Hakuweza kushuka hadi kioskini. Kwa bahati njema, shule zilikuwa zinafungwa tarehe 2 Agosti kwa sababu ya uchaguzi mkuu, kwa hivyo binamu yangu, mtoto wa mama mdogo anayeishi Gatina, Kawangware, akaja kutusaidia. Alikuwa mwanafunzi wa sekondari, mpole, mcheshi, mtu wa kukubebea mtungi bila kuombwa. Mimi nilikuwa bado shule ya msingi na nilimpenda kama ndugu wa toka nitoke. Alikaa kioskini hadi tarehe 17, kisha akarudi kwao kwa kuwa shule zilifunguliwa siku iliyofuata.

Jioni hiyo ya tarehe 17, kabla hajafunga begi lake, mama aliomba daftari. Alisoma ukurasa, akarudia, macho yakamtoka pima. Siku za kawaida tuliuza mitungi 140 hivi. Katika siku za binamu yangu ilikuwa 90, siku nyingine 70, siku nyingine 60. Mama akapiga hesabu kwa shilingi tano tano.

“Zaidi ya elfu tano hazipo,” akasema. “Zimeenda wapi?”

“Mama mkubwa, watu hawakuja,” binamu yangu akajibu.

“Watu wa Kibera wameacha kunywa maji?”

Majirani walikuwa wamesimama mlangoni. Mama alimwita mwizi mbele yao wote. Binamu yangu hakusema neno. Alichukua begi lake akaenda zake kwa miguu, jua likitua. Tangu siku hiyo mama mdogo hakukanyaga kwetu. Mama naye hakukanyaga kwao. Krismasi zilipita, matanga yalipita, na wale ndugu wawili wa tumbo moja wakawa kama paka na panya. Ukimtaja binamu yangu nyumbani, mama alinyanyuka akaenda kuosha sufuria iliyo safi.

Mimi sikuamini hata siku moja kwamba aliiba. Lakini kutoamini si ushahidi.

Basi, muhula wa kwanza mwaka huu mwalimu wetu wa hisabati alitueleza habari ya programu za akili mnemba, zile modeli za lugha ambazo watu huzungumza nazo kwenye simu. Wengi wetu tulijua kazi yake ni kuandika barua na kudanganya walimu kwa insha zisizo zetu. (Walimu, nasema ukweli, msinichape.) Mwalimu alisema kuna watafiti wa chuo cha MIT, Marekani, akiwemo Sarah Alnegheimish na Kalyan Veeramachaneni, ambao mwaka wa 2024 walijaribu kuzitumia kwa kazi nyingine kabisa. Walizipa mifululizo mirefu ya tarakimu, aina ya zile zinazotoka kwenye mitambo saa baada ya saa, na kuziuliza: ni wapi ambapo mambo hayakwenda kama kawaida?

Niliposikia maneno hayo, moyo ulinidunda. Mfululizo mrefu wa tarakimu! Si hilo ndilo daftari la mama? Nikaazimia kuwa likizo ikifika nitalitoa daftari mahakamani, na mashine iwe hakimu.

Kazi ya kwanza ilikuwa kuchapa. Usifanye mchezo na tarakimu 2,922 kwenye kioo cha simu chenye ufa. Kaka yangu alinipa simu kila usiku akirudi kazini, na bando nilinunua kwa pesa nilizopata kwa kuchotea watu maji. Nilichapa siku tisa. Mahali pengine maji yalikuwa yamelowesha karatasi na ilibidi nimuulize mama kama ile ni 3 au 8. Hakuniuliza nafanya nini. Alidhani ni kazi ya shule.

Kisha nikauliza moja kwa moja: “Hizi ni idadi za mitungi ya maji iliyouzwa kila siku tangu tarehe 1 Januari 2017. Nionyeshe siku zisizo za kawaida.”

Programu ilijibu kufumba na kufumbua, kwa ufasaha wa wakili. Ilinipa siku 47 na maelezo ya kila moja. Nilifurahi nusura niruke, kisha nikafungua daftari kuhakikisha. Lahaula! Siku tisa katika hizo zilikuwa na idadi ambazo hazimo daftarini kabisa. Siku nyingine zilikuwa za kawaida tu, 138, 142. Na moja ilikuwa tarehe 29 Februari 2021. Mwaka wa 2021 Februari ilikuwa na siku 28, hata mtoto wa chekechea anajua.

Nilirudi kwa mwalimu shule zilipokuwa bado zimefungwa. Anakaa karibu na Toi, nikamkuta akinunua viazi. Alicheka sana. Akanieleza kwamba watafiti wale nao walikumbana na hayo hayo. Modeli ya lugha haikuumbwa kuhesabu. Imefunzwa kwa maandishi mengi ajabu ili ibashiri kipande kitakachofuata. Ukiiandikia “haraka haraka haina,” itakwambia “baraka.” Tarakimu nazo kwake ni maandishi tu. Idadi kama 1047 yaweza kukatwa vipande viwili, 10 na 47, nayo haijui kuwa umekata samaki mmoja. Ukiimwagia maelfu ya tarakimu kwa mpigo, inapotea katikati, na ikipotea haisemi “nimepotea.” Inajibu tu.

“Kwa hivyo haifai?” nikauliza, nimenywea.

“Inafaa, lakini muulize kobe kwa lugha ya kobe,” akasema. “Kazi yake ni kubashiri. Basi mpe kazi ya kubashiri.”

Akanieleza kuwa watafiti wale walijaribu njia mbili. Ya kwanza ni ile yangu, kuiuliza moja kwa moja, nayo ilipiga kamsa ovyo, ikaita vioja mambo yasiyo vioja. Ya pili ilikuwa kuipa kipande cha mfululizo na kuiomba ibashiri kinachofuata, halafu kulinganisha ubashiri wake na kilichotokea kweli. Tofauti ikiwa ndogo, mambo ni shwari. Tofauti ikiwa kubwa, hapo pana jambo. Njia ya pili ilifanya vizuri kuliko ya kwanza. Hata hivyo, katika makundi 11 ya data waliyoyapima, mashine zilizofunzwa mahsusi kwa kazi hiyo bado zilizishinda modeli za lugha kwa kama asilimia 30. Uzuri wa modeli za lugha ni kwamba hazikuhitaji kufunzwa kwanza kwa data hiyo. Unaipa, inajaribu. Kwa mtu wa kioski kama mimi, asiye na maabara, hilo lilinitosha.

Nikaanza upya. Safari hii nilijumlisha mitungi kwa wiki, Jumatatu hadi Jumapili, nikapata wiki mia nne na kitu. Niliipa programu wiki 26, yaani nusu mwaka, nikaiomba ibashiri wiki nne zinazofuata. Niliandika ubashiri wake kwa kalamu nyekundu, na ukweli wa daftari kwa kalamu ya buluu. Kisha nikasogea wiki nne mbele, nikaipa 26 nyingine. Hivyo hivyo, bukrata wa ashiya, karibu mara mia moja. Tarakimu zake sikuziamini bila kuziangalia, ila kwa kuwa zilikuwa chache kila mara, haikupotea tena.

Mambo yakaanza kujitokeza kama madoa kwenye shati jeupe. Aprili 2020, nyekundu ilikuwa chini na buluu juu: shule zilikuwa zimefungwa kwa sababu ya korona, watoto wote wako nyumbani, kila mtu ananawa mikono. Mwisho wa Aprili na mwanzo wa Mei 2024, nyekundu juu na buluu chini: ndiyo ile mvua iliyoleta mafuriko, na watu walikuwa wakikinga maji ya mabati bure. Niligundua pia kuwa kujumlisha kuna hasara yake. Usiku wa Ijumaa tarehe 25 Agosti 2023 stima ilipotea karibu nchi nzima, na kesho yake pampu zilikuwa kimya; daftari linasema mitungi 31. Lakini Jumapili watu walikuja kama siafu, jumla ya wiki ikawa ya kawaida, na mashine haikugutuka. Kumbe ukifunga siku saba kwenye mfuko mmoja, siku moja mbaya hujificha ndani yake.

Halafu nikafika Agosti 2022. Mikono ilikuwa inanitetemeka. Programu ilibashiri kama 960 kila wiki. Daftari lilisema 610, 480, 590, 640. Katika miaka yote minane, ni mara chache tu tofauti iliwahi kuwa kubwa hivyo.

Mama alikuwa amesimama nyuma yangu. Sijui alikuwa hapo tangu lini.

“Hiyo ni nini?”

Ikabidi nimweleze. Alitazama nyekundu, akatazama buluu, akatazama tarehe. Kisha akasema polepole, bila furaha yoyote, “Si nilisema? Hata mashine inajua.”

Usiku ule sikulala. Nilitaka kumwokoa binamu yangu, na sasa nilikuwa nimemkaanga kwa mafuta yake mwenyewe. Nilijilaumu kwa nini sikuliacha daftari lilipo.

Asubuhi nilimalizia sehemu iliyobaki kwa sababu tu sikupenda kuacha kazi nusu. Hapo ndipo nilipoona jambo la kuchekesha. Kila Desemba, bila kukosa hata moja, mashine ilishtuka. Desemba 2017 ilishtuka. Desemba 2018 ilishtuka. Hadi 2024, Desemba nane, mshtuko ule ule: nyekundu juu, buluu chini. Nilimwonyesha mama.

“Mashine yako ni mjinga,” akasema. “Desemba watu wanaenda ushago. Kila mwaka ni hivyo. Kuna ajabu gani?”

Nikabaki nimeduwaa. Ni kweli, hakuna ajabu. Lakini mashine ingejuaje? Mimi nilikuwa nikiipa wiki 26. Ilipofika Desemba, ilikuwa imeona Juni hadi Novemba tu. Desemba ya mwaka uliotangulia haikuwa mbele yake. Kwake kila Desemba ilikuwa ya kwanza duniani. Ilikuwa kama mgeni aliyeshuka kwenye basi jana, akiona mitaa mitupu anapiga mayowe kwamba watu wamekwisha.

Hapo nikamkumbuka babu yangu. Kwao ni Siaya, karibu na Ziwa Victoria. Mwaka wa 2020 ziwa lilipofurika na watu wakahama, vijana walisema dunia imefika mwisho. Babu akasema, “Maji haya nayajua. Yalikuja wakati wa Uhuru.” Tulimcheka. Lakini mwalimu wa jiografia alituthibitishia: kina cha ziwa kimekuwa kikipimwa tangu 1896, na kati ya mwaka wa 1961 na 1964 maji yalipanda kwa zaidi ya mita mbili. Kipimo cha Jinja, Uganda, kilifika mita 13.41 mwaka wa 1964, na Mei 2020 kikafika 13.42. Mwenye kumbukumbu ya miaka ishirini aliona kioja. Babu, na lile daftari la Jinja, waliona mgeni aliyewahi kuja.

Kumbe kinachoitwa kisicho cha kawaida hutegemea unakumbuka umbali gani! Mwenye kumbukumbu ya nusu mwaka hushangazwa na Desemba. Je, kuna jambo linalokuja si kila mwaka, bali kila baada ya miaka mitano?

Nilirudi mbio kwenye orodha yangu. Wiki za kutisha kabisa zilikuwa katika mafungu machache: Aprili 2020, Mei 2024, Agosti 2022, na... Agosti 2017. Mwaka ule tulikuwa tukiuza kama mitungi 800 kwa wiki. Wiki iliyotangulia uchaguzi wa tarehe 8 Agosti 2017 ilikuwa 610. Wiki ya uchaguzi, 260, kwa kuwa tulifunga kioski siku mbili. Wiki iliyofuata, 430. Na Oktoba, uchaguzi uliporudiwa tarehe 26, ikashuka tena hadi 390.

Mwaka wa 2017 binamu yangu alikuwa mtoto mdogo huko Kawangware. Aliyekaa kioskini alikuwa mama.

Lakini hilo lilikuwa bado halijanitosha. Mtu angesema 2017 kulikuwa na fujo na 2022 kulikuwa shwari, kwa hivyo si sawa. Nikaacha wiki, nikarudi kwenye siku. Wiki ya tarehe 25 hadi 31 Julai 2022, kabla binamu yangu hajafika, mauzo yalikuwa yameshaanza kushuka: 850. Naye aliondoka tarehe 17. Kuanzia tarehe 18 mama mwenyewe alijikokota kwa fimbo hadi kioskini kwa sababu hakutaka mtu mwingine aguse pesa zake. Mitungi aliyoandika kwa mkono wake ilikuwa 84, 91, 88, 87. Wiki iliyofuata jumla 640. Iliyofuata hiyo 700. Mauzo hayakurudi sawasawa hadi katikati ya Septemba, baada ya Mahakama ya Juu kutoa uamuzi wake tarehe 5 na watu kurudi mjini.

Nilimpelekea daftari akiwa anamenya vitunguu. Sikusema kitu. Niliweka kidole kwenye tarehe 18.

“Huu ni mwandiko wa nani?” nikauliza.

Alitazama. “Wangu.”

“Na hizi?”

“Zangu.” Akanyamaza kwa muda. “Nilidhani amenifukuzia wateja. Nilidhani wamehamia kioski kingine kwa sababu yake.”

“Mama, walikuwa wameenda ushago kupiga kura. Wengine waliogopa, wakakaa huko hadi kesi iishe.”

Hakujibu. Alimenya kitunguu hadi kikaisha mkononi. Machozi yalimtoka, na sitasema ni ya nini, kwa kuwa vitunguu vilikuwepo.

Jumapili iliyofuata alivaa leso yake nzuri, akanunua unga pakiti mbili na sukari kilo mbili, akaniambia, “Beba daftari.” Tulipanda hadi Olympic, tukakata mtaa wa Jamhuri, tukatokea barabara ya Ngong. Tulipofika Dagoretti Corner tulipita karibu na makao ya Idara ya Hali ya Hewa. Nikamwambia mama kuwa humo nako kuna watu wanaoandika mvua kila siku, kama yeye anavyoandika mitungi. Akasema, “Basi na wao wasikosee kusoma.” Hakuongea tena hadi Kawangware.

Mama mdogo alifungua mlango, akatutazama kama watu waliotoka kuzimu. Alitukaribisha kwa adabu, chai ikaja, lakini hewa ilikuwa nzito. Binamu yangu sasa ni mtu mzima, anafanya kazi ya kuchomelea vyuma. Alikuja akiwa na masizi mikononi, akasimama mlangoni hakuketi.

Mama aliinuka. Mama yangu si mtu wa kuomba radhi. Alisema, “Baba, nilikukosea. Nilikuita mwizi na hukuwa mwizi.” Kisha akanigeukia mimi nieleze.

Nilieleza yote, mashine, nyekundu na buluu, Desemba, 2017. Nilipomaliza, mama mdogo aliweka kikombe chini.

“Kwa hivyo mashine ndiyo imekuambia,” akamwambia dada yake. “Mimi nilikuambia mwaka huo huo, tena bure. Nilikuambia mtoto wangu hawezi. Hukuniamini mimi uliyenibeba mgongoni, umeamini simu.”

Chumba kizima kilinyamaza. Mama hakuwa na jibu, nami sikuwa nalo. Hadi leo sina.

Binamu yangu aliomba daftari. Aliufungua ukurasa wa Agosti 2022, akapitisha kidole chake cheusi juu ya mwandiko wake mwenyewe, siku moja moja. “Mama mkubwa,” akasema, “mimi nilikuwa nimeanza kujiuliza. Miaka hii yote nikilala nilijiuliza, labda nilihesabu vibaya. Labda kuna mtu aliniibia nikiwa nimelala kioskini. Nilianza kutojiamini.” Akalifunga daftari, akamrudishia mama kwa mikono miwili. “Ni sawa.”

Hatukutoka hapo tukiimba na kucheza. Mama mdogo bado hajaja Kibera. Lakini wiki iliyopita alimpigia mama simu, wakaongea juu ya bei ya mafuta kwa robo saa. Mimi nahesabu hilo kama wiki nzuri.

Wenzangu, sikuandika haya ili msifu mashine, wala ili mzitupe. Mashine ilinisaidia kweli. Mimi peke yangu nisingeona madoa yale katika tarakimu 2,922, na nisingefikiria Agosti 2017. Lakini nimejifunza kwamba inaonyesha siku tu. Haionyeshi mtu, wala haionyeshi sababu. Ilisema wiki zile si za kawaida, na ilisema kweli. Ni sisi tuliotafsiri “si ya kawaida” kuwa “ya wizi.” Mama alifanya hivyo mwaka wa 2022 bila mashine yoyote, kwa jicho lake tu, akilinganisha na wiki chache alizokumbuka.

Hata hapa shuleni, mwalimu wa darasa akifungua sajili akute mwanafunzi aliyekuwa akifika saa moja sasa anafika saa mbili, hiyo ni tarakimu isiyo ya kawaida. Kabla ya fimbo, naomba kwa heshima zote, sajili ifunguliwe kurasa za nyuma zaidi. Kisha mwanafunzi mwenyewe aulizwe, na ajibupo asikilizwe. Binamu yangu alijibu siku ile ile. Alisema, “Watu hawakuja.” Maneno mawili tu, na yalikuwa kweli tupu.

Daftari la tano mama ameshalianza. Safari hii ameongeza safu moja upande wa kulia, nyembamba, ya maneno. Jana niliichungulia. Kando ya mitungi 102 alikuwa ameandika, “Mvua. Mazishi ya jirani.”

Wasalaam.